Kilo zimepungua, moyo je?

Wiki mbili kabla ya send-off yake, rafiki yangu alinipitia Mnazi Mmoja na boksi la chai ya kupunguza mwili. Alivuka Mtaa wa Lumumba, akaingia Kariakoo, akanunua. "Ni majani tu, shoga. Ila usiku moyo unanienda mbio."

Kabla hujamcheka, kumbuka tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kukawa habari mbaya. Kwa majirani zetu Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa Slim. Kwa miaka mingi, ukipungua ghafla watu walikunong'ona. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004, na taratibu hofu ikahamia upande wa pili: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Kisukari na presha navyo havikukaa mbali. Kwa hiyo kutaka kupungua si ushamba wala si urembo tu.

Tatizo ni historia ya dawa zenyewe. Mwaka 1933 watafiti wa Stanford, Marekani, waliitangaza dinitrofenoli, kemikali ambayo viwanda vya silaha vya Ufaransa viliitumia kutengeneza mabomu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilifanya seli zichome chakula na kuiacha nishati itoke kama joto, yaani jiko linawaka lakini sufuria haipo juu yake. Watu walipungua kweli. Wengine walipata mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa joto la mwili. Ilipofika 1938 sheria mpya ya Marekani ikaizima. Baadaye ikaja fenfluramini, nayo ikaondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu valvu za moyo.

Lakini ninayotaka uikumbuke ni sibutramini. Hii ilikuwa dawa halali, ya kuandikiwa na daktari, na ilikata hamu ya kula. Ilipofanyiwa jaribio la takriban watu 10,000 wenye ugonjwa wa moyo, kisukari au vyote viwili, waliopata matatizo makubwa ya moyo na mishipa (shambulio la moyo, kiharusi au kifo) walikuwa asilimia 11.4, dhidi ya asilimia 10.0 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2010 ikaondolewa Ulaya na Marekani.

Sasa ilinganishe na semaglutaidi, ile ya Ozempic na Wegovy. Inaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba, na inachelewesha chakula tumboni. Jaribio la 2021 lilionyesha wastani wa kupungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Lingine la 2023, la watu 17,604 wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo, lilipima moyo wenyewe: matatizo makubwa yalikuwa asilimia 6.5 kwa waliotumia dawa na 8.0 kwa wasioitumia.

Umeona? Dawa mbili, zote zinashusha mshale wa mizani. Moja iliongeza wagonjwa 14 katika kila 1,000, nyingine ikapunguza 15. Mizani ya bafuni haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo hata siku moja.

Na hiyo ya pili si peremende. Kichefuchefu, kutapika na kuharisha ni vya kawaida. Mawe ya nyongo yapo, na kongosho kuvimba hutokea kwa nadra. Anayepanga kubeba mimba anatakiwa aiache angalau miezi miwili kabla. Ukiiacha, uzito hurudi: katika ufuatiliaji mmoja, mwaka mmoja baadaye watu walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya walichopunguza. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo na mwili mkubwa, mimi naona hesabu inalipa, kama ana daktari na hela ya kuendelea nayo. Kwa mtu anayetaka kuingia kwenye gauni Jumamosi, hailipi.

Turudi kwenye boksi. Lilisema "asilia 100%" na lilikuwa na picha ya jani. Halikuwa na orodha ya viambato wala namba ya usajili. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imekuwa ikikuta sibutramini imefichwa kwenye bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kama za mitishamba, hata baada ya dawa hiyo kuondolewa. Siwezi kukuambia kilichokuwa kwenye chai ya rafiki yangu, maana hatukuipima. Nilimwomba aache kuinywa, tukaenda zahanati wakampima presha, na boksi tukalibeba ili daktari alione. Likikukuta la namna hiyo, usilitupe: lipeleke TMDA, ndio wenye maabara.

Gauni lilipanuliwa na fundi wa Mtaa wa Kongo kwa siku moja.