Kabla ya mkeka kuna ukili

Ulizia mkeka Kariakoo, utaonyeshwa kwanza wa plastiki: rangi kali, bei maelewano. Wa ukindu upo, ila uutafute. Ukikunjuliwa mbele yako, angalia mishono. Mkeka wa Pwani hausukwi mzima. Kinachosukwa ni ukili, ukanda mwembamba na mrefu, ambao baadaye hushonwa safu kwa safu mpaka upatikane upana wa kulaza watu.

Anayejifunza huanza na ukili, na wengi huishia hapo hapo. Majani machanga ya mkindu huanikwa yakawa meupe, yakachanwa kuwa chane, nyingine zikachemshwa na rangi. Kitanda cha mfumi hakuna, ni vidole tu. Chane ya pembeni hukunjwa irudi ndani, ipite juu ya hii na chini ya ile. Kupitisha si kazi. Kazi ni pindo. Ukilegeza mkono, ukili hupanuka hapa na kusinyaa pale, na mshonaji hana la kufanya ila kuufumua.

Tumezoea kuuita usukaji huu ufundi wa uani, wa akina mama wanaopiga soga. Mabaharia wasingekubali. Mwaka 1498, watu wa Vasco da Gama walikuta Msumbiji vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari, na matanga yake yalikuwa ya mikeka. Ndugu wa vyombo hivyo huku kwetu ni mtepe. Kisha Sultani Seyyid Said akatia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, merikani, kitambaa cha pamba cha Marekani, ikamiminika Unguja, na vyombo vingi vikatweka nguo. Mtepe uling'ang'ania tanga lake la mkeka mpaka ukatoweka wenyewe katika karne ya 20.

Nchi kavu ukili uliendelea. Dar es Salaam ya Seyyid Majid, mwana wa Said, iliyoanza kujengwa miaka ya 1860, ilizungukwa na vijiji vya Wazaramo. Na Kariakoo, iliyopata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, ilijaa nyumba za Kiswahili zenye ua nyuma, mahali hasa pa kukaa na fungu la chane.

Kwa kuadimika kwa mkeka wa ukindu, plastiki hulaumiwa peke yake, na mimi naona inaonewa kidogo. Mkindu hupenda majimaji, kandokando ya mito na mabondeni, na mabonde ya jiji, la Msimbazi likiwamo, yamevamiwa na nyumba. Msukaji wa mjini sasa hununua ukindu uliosafirishwa, kwa mafungu, kabla hajasuka hata shubiri moja.