Mikopo ya Asilimia 10: Utaratibu Bora Ndio Uhai wa Vikundi Mlimba

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri nchini, ikiwemo Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba mkoani Morogoro, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Wanawake hupata asilimia 4, vijana asilimia 4 na watu wenye ulemavu asilimia 2.

Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 baada ya kubainika kasoro, zikiwemo vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa: maombi hupokelewa kupitia mfumo wa kielektroniki, na vikundi huhakikiwa kuanzia ngazi ya kata kabla ya fedha kutolewa.

Hata hivyo, uhakiki wa Serikali hauwezi kuziba pengo la utaratibu mbovu ndani ya kikundi chenyewe. Pale ambapo mtu mmoja anatunza daftari, anakwenda benki na kuamua matumizi peke yake, wenzake hubaki na deni wasilolielewa. Mkopo unaposhindwa kulipwa, ujirani huvunjika pamoja na kikundi.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinachokusudia kukopa kinashauriwa kuwa na katiba inayofahamika kwa kila mwanachama, watia saini zaidi ya mmoja benki, mihtasari ya vikao na taarifa ya mapato na matumizi inayosomwa mbele ya wanachama wote. Zamu za kazi na mgawanyo wa faida viandikwe mapema, ili mama anayenyonyesha au mwanachama mwenye ulemavu asipunjwe haki yake.

Katika Bonde la Kilombero, ambako kipato cha kaya nyingi hutegemea mpunga, andiko la mradi lioneshe pia fedha za marejesho zitapatikana lini. Anayelima hupata fedha baada ya mavuno; anayeuza chakula hupata kila siku. Ratiba isiyozingatia tofauti hiyo humlazimisha mkulima kuuza mpunga kwa bei ya hasara.

Fedha inayorejeshwa Mlimba, Mngeta au Mchombe hukopeshwa kikundi kingine kinachosubiri. Wananchi wanaohitaji maelezo zaidi wafike kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao.