Kufumbua Kifuko cha Taya

Tumezoea kusema uvimbe. Kwa taya, neno hilo ni pana mno: linabeba jipu, linabeba saratani, na mgonjwa akilisikia hufikiria baya kwanza. Tena kitu chenyewe huweza kukaa ndani ya mfupa miaka bila kuvimbisha shavu, mpaka picha ya eksirei ikifichue. Kifuko husema kweli zaidi: utando uliojifunga, ndani majimaji.

Kikiwa kikubwa, si lazima taya likatwe. Njia ya upole ukiiita “upasuaji wa kihafidhina” utaleta siasa hospitalini. Mzizi uleule wa Kiarabu umetupa hifadhi, nami nashika hilo: upasuaji hifadhi. Linauliza papo hapo, kinahifadhiwa nini? Mfupa, meno, na neva ipitayo ndani ya taya la chini.

Mwaka 1892 Mjerumani Carl Partsch alieleza namna ya kukata dirisha kwenye kifuko na kushonea kingo zake kwenye utando wa kinywa. Istilahi ya kimataifa ya kazi hiyo imetoka kwenye neno la Kilatini la mfuko, lilelile lililowapa kangaruu na jamaa zao jina la kundi. Lakini mfuko tayari upo! Afanyacho daktari ni kuuzuia usijifunge tena, na hapo kufumbua kunatosha kabisa. Twafumbua macho, twafumbua kinywa, twafumbua fumbo. Ni -u- ileile itenguayo katika fungua na zibua. Ufumbuzi umeshakwenda kwa matatizo, basi kazi hii iwe ufumbuaji, ndugu wa upasuaji.

Pengine hutobolewa tundu dogo tu na kuachwa mrija, majimaji yatoke, mfupa ujijenge. Kinachopunguzwa humo wanafizikia watataka kiitwe kanieneo, kani na eneo vilivyounganishwa kwa ustadi. Shinikizo, hata hivyo, limeshazoeleka wodini kupitia shinikizo la damu. Upunguzaji shinikizo, basi.

Neno linalonisumbua ni la kukitoa kifuko kizima. Kilatini husema kutoa kokwa. Kukoboa kunavutia, ila maana inageuka: mkoboaji hutupa ganda, na hapa ganda ndilo mfupa tunaoutaka. Nachagua kubandua, kwa kuwa utando umegandamana na mfupa na hutolewa taratibu usichanike. Kifuko kikubwa kifumbuliwe, kinywee kwa miezi, ndipo kibanduliwe. Mwenye kitenzi kinachokaa vizuri zaidi ya hicho cha mwisho, akilete.