Harlem Ilipokuwa Mashamba

Mwaka 1658, gavana Mholanzi Peter Stuyvesant alianzisha kijiji cha wakulima kaskazini mwa Manhattan, kikaitwa Nieuw Haarlem. Barabara ya kukiunganisha na mji ambao baadaye uliitwa New York ilijengwa na Waafrika waliokuwa watumwa wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi. Jambo hilo lisipitwe haraka: jasho la Weusi lilikuwa Harlem tangu mwanzo.

Karne ya 19 ardhi ilichoka, mashamba mengi yakatelekezwa.

Baadaye New York ikakimeza kijiji, na reli ya juu ikafuata. Nyumba zikajengwa nyingi kuliko wapangaji. Ndipo Philip Payton, mfanyabiashara Mweusi, alipoanzisha kampuni mwaka 1904 ya kuwapangishia Weusi wenzake. Kufikia miaka ya 1920, Harlem ilikuwa kitovu cha fasihi na muziki wao.