Kazi ya siku moja

Sisi watu wa Kongo tunalijua jina la Bwana Dag Hammarskjöld. Alikuwa Mswidi, naye tangu mwaka 1953 alikuwa mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambao kwetu huitwa ONU. Tarehe 17 Septemba 1961 alipanda ndege Léopoldville ili akaonane na Bwana Tshombe, vita ya Katanga ipate kukoma. Usiku ule ndege ikaanguka karibu na Ndola, naye akafa. Mambo hayo wazee wetu wanayakumbuka. Lakini jambo lililozaliwa Uswidi baada ya kifo chake, wengi hawajalisikia.

Wanafunzi wa shule za sekondari za kule walitaka kumkumbuka kwa tendo. Wangeweza kuomba fedha kwa baba zao, kisha kuzipeleka. Hawakufanya hivyo. Waliacha vitabu kwa siku moja, wakaenda kufanya kazi kwa watu, na mshahara wa siku ile wakautoa kwa ajili ya wengine. Desturi hiyo wakaiita Operation Dagsverke, maana yake kazi ya siku moja. Tena tazameni: katika Kiswidi neno «dag» ni siku, nalo ndilo jina la marehemu.

Mwaka 1964 wanafunzi wa Norwe waliifuata njia hiyo, na mwaka 1985 wale wa Denmark. Huko Norwe ingali inafanyika kila mwaka. Kwanza wajumbe wa wanafunzi wenyewe huchagua kazi itakayosaidiwa, hasa masomo ya vijana katika Afrika, Asia au Amerika ya Kusini. Kisha, kabla ya siku yenyewe, hufundishwa habari za nchi ile na za watu wake. Siku ikifika, kila mmoja huenda mahali alipojitafutia kazi: huyu anafagia majani, yule anaosha madirisha, mwingine anapaka rangi ua wa jirani au anauza dukani. Mshahara hauingii mfukoni mwake.

Basi, tuone mambo mawili. La kwanza: mtoto anayetoa fedha za baba yake hajatoa kitu bado, ni baba aliyetoa. Lakini aliyechoka mgongo kwa ajili ya mtu asiyemjua, huyo ametoa kitu chake. La pili: walijifunza kwanza, ndipo wakatoa. Anayepewa na mtu asiyetaka kujua habari zake huona haya. Anayepewa na mtu aliyemjua hupokea kama ndugu.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watoto wetu wa masomo hawana franka nyingi, lakini mikono wanayo. Katika kila mtaa yupo mjane ambaye paa lake linavuja, na shamba lake limejaa majani. Siku moja yatosha kuanza.