Kuta za Wachoraji

Mwaka 1965, uhuru wa Kenya ukiwa bado mchanga, Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyesomea Makerere, alifungua nyumba ya sanaa jijini Nairobi pamoja na wenzake, wakaiita Paa ya Paa. Miongoni mwao walikuwamo mshairi Jonathan Kariara, mwanahabari Hilary Ng'weno na mchora katuni Terry Hirst. Kumbi za maonyesho za wakati huo zilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wageni, nao ndio walioamua ipi ni sanaa na ipi ni pambo la kuuzia watalii. Paa ya Paa iliwapokonya uamuzi huo.

Mwishoni mwa muongo uleule wachoraji watatu, Jony Waite, Robin Anderson na David Hart, wakaanzisha Gallery Watatu. Ilisifika, na ilistahili sifa. Lakini katika miaka ya 1980 iliangukia mikononi mwa mfanyabiashara mmoja wa sanaa, Ruth Schaffner. Alipofariki mwaka 1996 ikaanza kuzorota, hatimaye ikafungwa.

Dar es Salaam mambo yalikwenda vingine. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao mwembamba, akaviuza Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Ndugu na wanafunzi wake hawakutawanyika. Walibaki palepale, mkubwa akimwelekeza mdogo: paka rangi ya chini, iache ikauke, ndipo umchore mnyama. Mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Mwasisi alichora kwa miaka michache tu, ilhali kazi aliyoianza imeishi zaidi ya nusu karne baada yake. Siamini kwamba ni bahati. Fedha na maamuzi vilibaki kwa wenye brashi.

Mbegu hiyo iliota Kenya pia. Banana Hill, Shine Tani, aliyewahi kujikimu kwa sarakasi za barabarani, aliigeuza nyumba yake kuwa karakana ya wachoraji ambao hawakupita chuo chochote cha sanaa. Kibera, Otieno Gomba na Otieno Kota, waandika mabango, walizunguka wakitafuta kazi huku wamevaa shuka za Kimaasai ili wateja wawakumbuke. Watu wakawaita Maasai Mbili, na studio yao ikarithi jina hilo.

Paa ya Paa yenyewe iliungua mwaka 1997, picha nyingi zikateketea. Njau na mkewe Phillda hawakufunga lango. Waliendelea kupokea wachoraji na wanafunzi.

Na mwaka 2022, kundi la Wajukuu kutoka mtaa wa Mukuru, Nairobi, lilialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta. Wakaufunika uso wa ukumbi kwa mabati, wageni wakaingia kwa njia nyembamba kama vichochoro vya mtaani kwao. Safari hii mlango ulikuwa wao.