Nani Anachagua Picha Yako? Kutoka Kadi za Posta Hadi Harusi za Leo



Msimu wa harusi ukikaribia, huku kwetu Paje mazungumzo ni nguo, hina, ukumbi na mpiga picha. Sisi tunaoshona nguo za mabibi harusi tunasikia mengi: mpiga picha huyu bei gani, albamu ina kurasa ngapi, video ipo au haipo. Swali moja hatulisikii. Katika picha zote zitakazopigwa siku hiyo, nani ataamua zipi uzione wewe mwenyewe, na zipi zionwe na watu? Swali hili si la leo. Lina historia ndefu hapa Unguja, na tukiijua tutajua pia la kumwambia mpiga picha kabla hatujamlipa.

Wakati wa kadi za posta

Mwisho wa karne ya 19 studio za picha zilikuwa zimeshafunguliwa mjini. Waliovuma zaidi walikuwa Wagoa: A.C. Gomes, ndugu wawili wa Coutinho, na Pereira de Lord. Waliwapiga picha masultani, mabalozi na matajiri. Hao walikwenda kwa hiari yao, wakavaa walivyotaka na wakalipa. Mtu wa namna hiyo ndiye mteja, na picha asiyoipenda hachukui.

Lakini studio hizo hizo zilitengeneza kadi za posta za kuwauzia wageni walioshuka na meli. Ndani ya kadi hizo tunawaona bibi zetu wamevaa kanga, wamesukwa nywele, wengine mabega wazi. Mara nyingi chini yake imeandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili wa Zanzibar. Jina lake hakuna.

Hapa mteja alikuwa msafiri. Mpiga picha alichagua picha itakayouzika Ulaya, na mwanamke aliyesimama mbele ya kamera hakuwa na neno katika uchaguzi huo. Tukumbuke pia kwamba utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Kwa hiyo katika miaka ya mwanzo ya picha hizi walikuwapo wanawake ambao hata kusema "sitaki" hawakuweza. Leo kadi zile zimo katika makumbusho na zinauzwa kwenye mitandao, na sura zao zinaendelea kusafiri.

Studio za mjini

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Ipo Mji Mkongwe, katika barabara ya Kenyatta, na baada yake aliishika mwanawe Rohit. Oza alipiga picha za Sultani, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akapiga za viongozi wapya. Katikati ya hayo alipiga za watu wa kawaida. Mombasa kulikuwa na N.V. Parekh, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na Bakor Studio yake. Watu wa pwani walikwenda kwao siku ya Idi, au harusi ilipokaribia, au mtu alipotaka kusafiri.

Siku hizo filamu ilikuwa ghali. Filamu moja ya kamera za studio ilitoa picha 12 tu za mraba, basi hakuna aliyefyatua ovyo. Uchaguzi ulifanyika kabla ya picha kupigwa. Utakaa vipi, ushungi ukae wapi, kidevu kipande au kishuke, nyuma yako liwepo pazia gani. Baadaye mpiga picha aliingia chumba cha giza, akaitengeneza nega kwa penseli yenye ncha kali, akapunguza kunjo la uso au doa la shavu. Mteja alirudi baada ya siku kadhaa akakabidhiwa picha iliyokamilika.

Kwa hiyo mteja aliona kilichochaguliwa tu. Lakini walau alikuwepo wakati wa kukipanga, na alijua zimepigwa ngapi.

Hata hivyo mambo mawili yalibaki mikononi mwa mpiga picha. La kwanza ni nega, kwani karatasi ilikuwa yako lakini nega ilikaa kabatini mwake. La pili ni dirisha la duka. Studio ilijitangaza kwa kuweka picha nzuri mbele, na picha ya mwanamke wa stara ikiwekwa pale, kila apitaye njia humtazama. Mpiga picha aliyetaka kubaki na wateja wa mitaa ya Waislamu alilazimika kujua picha ipi ni ya dirishani na ipi ni ya bahasha. Hekima hiyo ndiyo iliyomletea kina mama.

Dirisha la leo liko mkononi

Sasa harusi moja inaweza kutoa picha elfu na zaidi. Mpiga picha anarudi nyumbani na kadi ya kumbukumbu iliyojaa, anakaa mbele ya kompyuta na kuanza kupepeta. Kwanza anaondoa zilizotikisika na zenye macho yaliyofumba. Kisha zinazofanana, kumi anabakisha mbili. Mwisho anachagua zinazoonesha ufundi wake: mwanga wa saa kumi na moja jioni pwani, shela linapeperuka, bahari nyuma. Anakukabidhi labda mia tatu. Ana sababu yake nzuri, kwa sababu ukimpa mtu picha elfu nzima anachoka na anaona kasoro tu.

Tatizo ni kwamba jicho lake na jicho letu hayatafuti kitu kimoja. Bibi mzaa mama ametokea katika picha moja tu, na amefumba macho. Kwa mpiga picha hilo ni pumba. Kwa mjukuu huenda ikawa ndiyo picha ya mwisho ya bibi yake. Akiifuta bila kukuonesha, hutajua hata kama ilikuwepo.

Na kuna upande mzito zaidi. Katika shughuli zetu za wanawake watupu tunavua mabuibui, nywele ziko wazi, mikono na miguu ina hina. Biharusi mmoja tuliyemshonea alijiona katika ukurasa wa mpiga picha akiwa kichwa wazi, wiki moja baada ya harusi. Picha ilikuwa nzuri sana, na ndiyo maana ilichaguliwa. Iliondolewa alipolalamika, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi kwenye simu zao. Mume wake alioneshwa na mwanamme mwenzake kazini.

Huku Paje tunalijua jambo hili hata nje ya harusi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji yakitoka, mama zetu wanainama baharini, kanga zimerowa zimeshika mwili, na mgeni anafyatua kamera kutoka ufukweni. Picha inachaguliwa katika mji wa mbali, inatangaza hoteli au safari, na aliyemo ndani yake haoneshwi kamwe. Ni kadi ya posta ile ile, imebadilika karatasi tu.

Picha ni amana

Katika Suratun-Nisaa aya ya 58 tumeamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Katika Suratun-Nuur, amri ya kuinamisha macho inaanza kwa wanaume, aya ya 30, kisha wanawake, aya ya 31. Anayeshika picha zetu ameshika amana, na anayechagua ya kuonesha anachagua pia macho ya nani yatatuangukia.

Sisi tunaposhona nguo, haitoki mpaka mwenyewe aivae ajitazame kwenye kioo. Tuwaombe wapiga picha hivyo hivyo, kwa wema na mapema:

- Shughuli ya wanawake ipigwe na mwanamke, na picha azipepete yeye mwenyewe, si kijana wa ofisini.
- Mwambie majina ya watu wako: bibi, shangazi, somo. Picha zao zisifutwe kabla hujaziona, hata zikiwa na kasoro.
- Andikeni kwenye makubaliano kwamba hakuna picha itakayowekwa mtandaoni mpaka uikubali, moja moja.
- Mkubaliane lini zitafutwa zile zilizobaki kwenye kompyuta yake.

Mpiga picha mwaminifu hatachukia masharti haya. Akichukia, bora ujue kabla ya harusi kuliko baada yake.

Na wewe dada unayesoma, kabla hujaweka picha ya shughuli ya mwenzio kwenye status yako, mpelekee kwanza aione. Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera. Aamin.